Nyumba ya Mama Mkwe Inapanda Gihosha

Mimi ni mtu wa nyumbani. Wengine husema mvivu, na mke wangu, aliye karibu zaidi na ushahidi, husema yote mawili. Hata kazi yangu niliichagua ili nisitoke: ninakodisha viti vya plastiki kwa harusi, matanga na vikao vya familia. Viti vinashuka mjini, vinakaliwa na wageni, vinasikiliza hotuba, vinarudi na mchuzi mgongoni. Mimi nabaki kibarazani. Kwetu viti ndivyo vinavyotembea.

Kwa hiyo mkinisikia nasema kwamba siku moja nilihamisha nyumba nzima, yenye magurudumu, kutoka Kajaga, ufukoni mwa ziwa, hadi kwangu Gihosha, mlimani, na kuipandisha ile njia yangu ya kuingilia ambayo hata mbuzi akiipanda husimama katikati kufikiri, msidhani ilikuwa hamu ya safari. Ilikuwa mama mkwe.

Mama mkwe wangu ni mtu wa Fizi, upande wa Congo, ng'ambo ya ziwa. Alivuka zamani akakaa Kajaga, kazi yake kuanika na kuuza ndagala, wale dagaa wa ziwani. Ziwa lilipoanza kupanda liliichukua nyumba yake polepole, kwanza jiko, halafu ukuta wa nyuma, kama mgeni anayeomba nafasi ya kuweka mguu tu. Jirani yake pale ufukoni alikuwa Mzungu mzee mwenye karavani. Karavani ni chumba kirefu cha bati jeupe kilichokaa juu ya magurudumu, ndani mna kitanda, kabati na madirisha yenye pazia. Huko kwao wanaifunga nyuma ya gari na kwenda nayo kupumzika. Yule mzee aliivuta mpaka Kajaga akapumzika miaka. Alipougua na kurudi kwao alimwachia mama mkwe funguo, kwa sababu ndiye aliyekuwa akimpikia samaki. Mama mkwe akahamia humo na mbabula yake ya kupikia kwa makaa, mkeka wake na gunia la ndagala.

Sasa maji yalikuwa yamefika kwenye ngazi ya karavani. Asubuhi alivua viatu kabla ya kutoka nje, badala ya kuvivaa. Kikohozi kilimshika na hakikutaka kumwachia. Mke wangu akasema imetosha, mama aje kukaa kwetu, vyumba tunavyo.

Mama mkwe akasema apana.

Kwao mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hawali pamoja, hawatazamani usoni, hawagusani, hawaambiani neno moja kwa moja. Neno linapita kwa mke, kama barua kwa karani. Si chuki, ni heshima, na ni nzito kama gunia la chumvi lililolowa. Tangu nimuoe binti yake, nikiingia mlango huu yeye hutokea ule, kitenge kichwani. Naujua mgongo wake kuliko uso wake. Tukikutana sokoni ana kwa ana huenda nikampita, lakini akigeuka tu nitasema, ehe, yule ni mama mkwe.

"Mama atarudi Fizi," mke wangu aliniambia jioni moja, anachambua mchele bila kuutazama. "Anasema bora afie kwa paa yake kuliko kulala kwa paa ya mukwe."

Huko Fizi hakuna aliyebaki wa kumpokea, na habari zinazotoka huko hazimpi mtu usingizi. Mke wangu alikuwa ameanza kuamka alfajiri na kukaa tu kitandani, mikono mapajani. Alijua akimwacha mama yake avuke na kile kikohozi, hatamwona tena. Nami nilijua. Nilitaka kusema kitu cha kumchekesha, ndiyo maana nikasema:

"Basi aje na paa yake."

Nilisema kwa utani. Kwa mke wangu utani wangu una tabia ya kugeuka kazi.

Tulimwita fundi wa magari wa Buyenzi, rafiki yangu wa tangu utoto. Sekondari tulikaa dawati moja, yeye akinakili hesabu zangu na mimi nikinakili zake, tukaanguka pamoja. Ana pikapu ya zamani yenye nguvu, na domo lenye nguvu zaidi. Alikuja kuiona njia kwanza. Inaanzia barabarani, inapanda wima kati ya ukuta wa jirani na mtaro wa maji, halafu katikati inakata kushoto ghafla, pale pale korongo lilipomega ardhi na mparachichi wangu unaning'inia ukingoni. Baada ya hapo inapanda tena hadi kiwanjani. Aliyeniuzia kiwanja alinisifia kwamba ukifika juu unaliona ziwa. Ni kweli, unaliona. Hakusema utaliona ukiwa huna pumzi.

Fundi alisimama kwenye ule mkunjo, mikono kiunoni.

"Ile karavani iko murefu namna gani?"

"Murefu."

"Murefu kama nini?"

"Kama hotuba ya wazee siku ya mahari."

"Ah, basi itapita. Ile hotuba inapitaka siku zote, ni batu tu ndio banachoka." Akatema mate korongoni, akasikiliza yanavyokawia. "Lakini nakuambia mapema, mafuta ndio mambo. Niko na bidoni moja, na sijui ingine itatoka wapi. Nitavuta mara ya kwanza, nitavuta mara ya pili. Ya tatu we utasukuma na heshima yako."

Siku ilipofika tulishuka Kajaga asubuhi. Kuitoa karavani kwenye matope kulikula nusu ya nguvu zangu, nami nilikuwa na nusu tu. Fundi alitia upepo magurudumu, akaifunga kwenye ndoano ya pikapu kwa mnyororo juu ya mnyororo, akaipiga teke, akasema iko tayari. Mama mkwe alikuwa amesimama upande wa pili, mgongo kwangu, akikohoa ndani ya kitenge.

Hapo likaja swali la viti, nami kwa viti ni mtaalamu. Kabina ya pikapu ina benchi moja. Fundi anaendesha. Mama mkwe, mgonjwa, lazima akae ndani. Mke wangu lazima akae na mama yake. Pakabaki nafasi ya nusu mtu, na huyo nusu mtu alikuwa mimi.

"Ingia, tubanane," fundi akasema.

Mke wangu akamtazama kama ametukana.

"Mukwe na mama mukwe kwa benchi moja? Kwenu Buyenzi munaishi namna gani?"

Basi nikapanda nyuma, juu ya gunia la ndagala, godoro ubavuni, mbabula kati ya miguu, kama mbuzi anayepelekwa Idi. Ndivyo mji ulivyoniona tena baada ya muda mrefu: mtu mzima ameketi juu ya dagaa wakavu, uso umeelekea nyuma, anafuatwa na nyumba nyeupe. Kwenye mzunguko wa kwanza wa barabara mwendesha baiskeli aliyebeba ndizi alishikilia bodi ya pikapu ili avutwe, akatusindikiza.

"Muzee! Unahama na choo ndani?"

"Na salon ya wageni pia," nikasema.

"Na bibi?"

"Bibi iko mbele, na mama yake."

Aliachia bodi kwa kicheko, karibu ndizi zianguke. Mbele kidogo mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, mtu niliyesali naye zamani, alitoka dukani akanikodolea macho. "Wallahi, mi nilisikia ulikufa!"

"Bado," nikamjibu. "Nahama tu."

Tulipofika chini ya njia yangu jua lilikuwa limeshika, na mgongo wangu ulikuwa na umbo la gunia. Nilitamani mtu aniambie tumefika. Tulikuwa hatujaanza.

Mpango ulikuwa huu. Fundi yuko kwenye usukani na haoni kitu nyuma, kwani karavani imemziba. Mimi nasimama kwenye mkunjo nimwongoze. Mke wangu nikamweka hatua chache chini yangu. Mama mkwe tulimwomba akae kivulini, akakataa. Nyumba ni yake, akasema kupitia kwa binti yake, na yeye ndiye atakayelitazama gurudumu la upande wa korongo. Mpango mzuri. Kasoro yake tulikuja kuiona baadaye: mwenye macho pale nyuma hakuruhusiwa kusema na mwenye sauti pale mbele.

Fundi akaungurumisha injini. Karavani ikaanza kupanda, ikinesa kama mwanamke mnene kwenye ngazi.

"Mwambie mume wako," mama mkwe akasema nyuma, kwa sauti ya adabu, "gurudumu inaenda kwa mutaro."

"Baba ya batoto," mke wangu akaniita, "mama anasema gurudumu inaenda kwa mutaro."

"Fundi! Mutaro!"

"Mutaro gani?"

"Fundi anauliza mutaro gani," nikamwambia mke wangu.

"Mama, banauliza mutaro gani."

Wakati jibu linarudi gurudumu lilikuwa limeshaingia mtaroni, likakaa humo kimya. Tulilitoa kwa mbao mbili na matusi ya fundi. Tukaendelea. Kufika kwenye mkunjo magurudumu ya pikapu yakaanza kuzunguka bure, mawe yakaruka, harufu ya kuungua ikapanda. Fundi akasimamisha. Tukaweka mawe nyuma ya kila gurudumu. Huo ndio ukawa mwisho wa mara ya kwanza.

Kufikia hapo watu walikuwa wamejaa. Kitu kirefu cheupe kimesimama njiani kwa mtu ambaye hatokagi nyumbani, nani atabaki kwake? Walitoka majirani wa juu na wa chini, wengine na watoto mgongoni, mwalimu mmoja mstaafu na mwavuli wake. Fundi alifurahi. "Hawa ndio batasukuma," akasema, akiingia chini ya pikapu kuangalia kitu.

Mke wangu akanisogelea.

"Batu banasimama."

"Naona."

"Banasimama kwa jua, kwako. Mutu iko na viti imejaa stoo mpaka dari, na wageni banasimama. Huna haya?"

Nilikuwa nayo, ndiyo shida yangu. Mgeni akisimama kiwanjani mwako ni kama umemfungia mlango, na kwa mtu wa biashara yangu ni kashfa. Nikapanda stoo, nikashuka na viti, safu juu ya safu, mabega yakilia. Watu wakapokea, wakashukuru, wakachimbia miguu ya mbele ardhini ili visiteleze mteremkoni, wakaketi. Mwalimu mstaafu akakunja mwavuli, akaweka mguu juu ya mguu. Mke wangu akapitisha maji ya kunywa. Ilipendeza, nakiri. Nimeona harusi zilizopangwa vibaya kuliko ile.

Fundi akatoka chini ya pikapu, uso mweusi kwa mafuta. Akatazama zile safu.

"We! Niliomba batu wa kusukuma, umeniletea batu wa kuangalia?"

"Punguza sauti."

"Bainue basi!"

"Mgeni simwinui. Nimemkalisha sasa hivi."

"Na nani alikutuma kumukalisha?"

Nikamtazama mke wangu. Mke wangu akatazama ziwa.

Basi tukajaribu mara ya pili, sisi wanne, na mkutano umeketi. Ushauri tuliupata mwingi. "Kushoto!" akasema mwalimu mstaafu. "Apana, kushoto ile ingine!" Mwanamke mmoja akauliza kama kuna chakula. Pikapu ikavuta, ndoano ikalia, mbele ya karavani ikaingia kwenye mkunjo vizuri kabisa, na mkia wake ukaanza kuzunguka nje, taratibu, kuelekea korongo.

Niliona kiti kimoja, na juu yake baba mmoja mnene, kimekaa karibu mno na njia. Nikashuka kumwomba asogee, kwa lugha ya adabu, na lugha ya adabu ni ndefu. Ili kumfikia nilijipenyeza kati ya kona ya nyuma ya karavani na shina la mparachichi. Nikasimama hapo, mgongo kwa karavani, nikamuuliza habari za nyumbani kwanza.

Nyuma yangu jiwe likachomoka chini ya gurudumu.

Mimi sikulisikia. Nilichosikia ni sauti ya mama mkwe ikianza kama kawaida, "Mwambie mume w—" halafu ikakatika. Halafu ikaja sauti nyingine ambayo sijawahi kuisikia, ya mtu anayeita mtumbwi katikati ya upepo:

"We mupumbafu, toka hapo!"

Mkono ukanishika ukosi wa shati, ukanivuta kama gunia. Tukaanguka wote wawili kwenye matuta ya magimbi ya jirani, yeye chini ya kitenge, mimi chini ya majani. Kona ya karavani ikapiga mparachichi pale pale nilipokuwa nimeweka mgongo wangu, bati likabonyea, maparachichi matatu manne yakadondoka juu ya paa. Karavani ikatulia, imeegemea mti.

Niliinua kichwa. Ndipo nilipouona uso wake. Ana nyusi za mke wangu, na pengo dogo upande wa kulia. Alinitazama, nami nikamtazama, kwa muda ambao kwao ni mrefu kupita kiasi. Akashika mdomo wake kwa mkono uleule ulionivuta.

Kelele zilizofuata zilikuwa za viti. Watu wote waliinuka kwa mara moja, bila kuombwa, viti vikabiringika hadi barabarani. Mwalimu mstaafu akatupa mwavuli. Mabega yakalishika bati lile jeupe kila mahali penye nafasi, yule baba mnene akaweka kifua chini ya mkia, mtu akahesabu, fundi akakanyaga mafuta mpaka chini, na nyumba ya mama mkwe ikauacha mti, ikamaliza mkunjo, ikapanda kilichobaki kana kwamba haijawahi kuwa na shida na mtu. Juu kiwanjani wanawake wakapiga vigelegele. Fundi akatelemka na kuinua mikono kama mfungaji wa goli. Nilikaa chini nilipofika, maana miguu ilikuwa imemaliza kazi yake.

Nilidhani imekwisha. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria mkeka.

Mke wangu akaja amefunga uso.

"Mama iko mu pikapu."

"Anafanya nini mu pikapu?"

"Amefunga mzigo yake. Anasema fundi akirudi chini amupeleke mupaka wa Congo. Anavuka leo."

Nikafikiri sijaelewa, nikamwomba aseme tena. Akasema tena, na safari hii machozi yalikuwa yanamshuka. Mama yake amemtukana mkwe wake mbele ya watu. Amemshika kwa mkono. Ameanguka naye shambani. Hawezi kukaa kiwanja kimoja na mtu aliyemvunjia heshima namna ile. Kila asubuhi akifungua dirisha ataikumbuka aibu yake.

"Lakini ameniokoa!"

"Anajua."

"Ningekuwa chapati sasa hivi!"

"Anajua. Anasema angeweza kukuokoa na heshima."

"Namna gani? Angetuma mutu?"

Mke wangu hakucheka. Nilitazama pale chini ya kiwanja, pikapu imesimama, ndoano imeshafunguliwa, mlango umefungwa, kitenge kimeinama ndani ya kabina. Kikohozi kilisikika mpaka nilipokaa. Nyumba tulikuwa tumeileta, na mwenyewe anaondoka. Sijawahi kuchoka namna ile, na mimi ni mtu niliyefanya mazoezi ya kuchoka maisha yangu yote.

"Kwenu," nikauliza, "ikitokea hivi, hakuna dawa?"

Ilikuwepo. Aliyekosa humpelekea mkwe kuku aliyempika kwa mkono wake. Mkwe anakula peke yake, anamaliza, hasemi neno, hanywi maji mpaka sahani iwe nyeupe. Akimaliza, jambo limefutika, halitajwi tena. Akibakisha, amekataa.

Nikainuka, nikaenda kwa jirani wa juu, nikarudi na kuku mzima, mwekundu, anayenitukana njia nzima. Mke wangu akampeleka pikapu. Akarudi naye.

"Anasema hii kuku ni ya nani? Ni ya kwako. Atakulipa na kuku yako mwenyewe? Kuku yake yote ilikufa na maji."

Fundi alikuwa ameketi kwenye kiti changu kimoja, anasubiri chakula. Alisikiliza yote akijifuta mikono. Kisha akaenda dirishani kwa mama mkwe; yeye si mkwe wa mtu pale, alikuwa na ruhusa.

"Mama, mi niko shoferi tu. Lakini sitaendesha na njaa. Hapa, we uko na nini ya kwako, ya kwako mwenyewe?"

Kitenge kikageukia gunia. Halafu sauti ndogo: "Ndagala."

"Nani aliivua? Nani aliianika?"

"Niliianika mi mwenyewe."

"Basi, si iko na macho? Si iko na mukia? Ile ni kuku ya mu maji. Kuku ya Fizi yote inatoka mu ziwa, ao nasema bongo?"

Alisema uongo, lakini aliusema kwa njaa ya kweli. Nilijifanya naangalia maparachichi. Baada ya muda mlango wa pikapu ukafunguka, mama mkwe akashuka na gunia lake, akapita mbali nami, uso pembeni, akaingia kwenye karavani. Tukasikia mbabula ikiwekwa kizingitini. Moshi ukapanda.

Watu walikuwa wamevikusanya viti vyao. Wakavipandisha kiwanjani, wakaketi tena.

Sahani ilikuja imefunikwa, mke wangu ameibeba kwa mikono miwili. Aliiweka mbele yangu, akafunua, na nikamwona anavyobadilika macho. Mimi tumbo langu na pilipili hatujawahi kupatana tangu utoto. Nyumbani mke wangu hupika bila, halafu anatia yake pembeni. Mama yake hakujua. Angejulia wapi, hatujawahi kula pamoja hata siku moja. Alikuwa amempikia mkwe wake kwa heshima yote aliyokuwa nayo, na heshima ya Fizi ni nyekundu. Mbegu zilikuwa zinaelea juu.

Mke wangu hakuweza kusema. Angesema "huyu halagi pilipili", sahani ingerudi, na kwa kurudi huko mama yake angepanda pikapu. Alinitazama tu. Nilimtazama nami, nikamega bugali.

Tonge la kwanza lilifika masikioni. La pili sikulisikia kwa sababu la kwanza lilikuwa bado linazungumza. Nikaendelea. Pua ikafunguka, jasho likatoka mahali ambapo sikujua pana jasho, kisha machozi yakaja, si mawili matatu, yakashuka mashavuni yakaingia kwenye bugali. Sikuweza kupangusa, vidole vilikuwa na pilipili. Nikala hivyo hivyo, nalia, natafuna, sisemi neno.

Kiwanja kizima kilinigeukia.

"Analia," akanong'ona yule baba mnene.

"Mwache," mwalimu mstaafu akasema, sauti imekauka. "Mutu akisamehe kweli iko vile."

Mwanamke aliyekuwa akiuliza chakula akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. Nikaramba vidole, nikaifuta sahani kwa tonge la mwisho mpaka ikawa nyeupe, nikaigeuza waione. Ndipo nikanywa maji, bidoni nzima karibu.

Pazia la karavani likasogea kidogo.

"Mwambie mume wako," sauti ya adabu ikasema, "asilie. Imeisha."

Kisha fundi akapewa yake, akala, akasifu, akashuka peke yake kwa mteremko bila kuwasha injini, ili abakishe mafuta.

Mama mkwe yuko pale hadi leo, kwenye kona ya kiwanja, paa lake mwenyewe lenye alama ya mparachichi. Kikohozi kimepungua. Mke wangu analala mpaka jua linatoka, na mimi nimerudi kibarazani, mgongo ukiniuma kila mvua ikikaribia. Tatizo lililobaki ni dogo. Mama mkwe alimwambia binti yake kwamba hajapata kuona mwanamume anayependa chakula chake hadi kulia, na kwa mtu kama huyo hawezi kukaa tu bila kumpikia. Kila Ijumaa nikitoka kusali, sahani yake inanisubiri. Anaongeza pilipili kidogo kila mara, kama mtu anayemwongezea mgeni sukari.

Nimemwomba mke wangu mara nyingi amwambie taratibu, kwa njia nzuri.

"Mwambie mwenyewe," hunijibu.

"Unajua siwezi kumwambia."

"Basi kula."

Na leo ni Ijumaa. Naisikia mbabula inapulizwa.